Mshale Wenye Alama ya Baba

Baba yangu alikuwa na goti la kuvunjia mishale. Sisemi hivi kwa kumsengenya, marehemu hasengenywi, lakini ndivyo alivyokuwa na kila aliyetufahamu alijua. Unahangaika na mshale wako majuma mawili matatu, unampelekea kwa mikono miwili, anaupokea, anafumba jicho moja, anautazama kutoka kwenye manyoya mpaka kwenye chuma, kisha kwaa! kwenye goti. Vipande anakutupia miguuni. Umekosea wapi, hasemi. Anarudi kwenye kiko chake.

Tulikuwa tumetoka Shinyanga, upande wa Segese, baada ya ile vita kuu ya pili kwisha. Ardhi ya kule ilikuwa imechoka na ng'ombe walikuwa wanalamba vumbi. Huku Geita pori la mbung'o lilikuwa linafyekwa, na watu wakahamia kwa makundi, ng'ombe mbele, akina mama na vinu nyuma. Tukajenga karibu na pale panapoitwa Katoro, ambapo siku hizi kuna maduka na kelele mpaka masikio yanauma. Enzi zile kulikuwa na miti, nyani na simba. Hasa simba. Pori tulilofyeka lilikuwa lao, na wao hawakuwa na mahali pa kuhamia.

Kule tulikotoka mishale tuliichonga kwa fito za miti. Huku nikakuta mianzi, imeota kwenye mawe juu ya mto, na nikaipenda siku ileile nilipoiona. Baba aliidharau. Alisema mwanzi ni nyasi iliyojisahau. Sikumjibu, nikaanza kujifunza peke yangu, maana ndivyo nilivyokuwa, mbishi wa kimyakimya, na ubishi wa kimya ndio mbaya.

Mwanzi wa mshale haukatwi ovyo. Ule mchanga hujikunja ukikauka. Ule uliozeeka sana hupasuka. Unatafuta uliokomaa, mwembamba kama kidole cha mwisho, pingili zake ziwe mbalimbali. Unakata kiangazi, mwezi ukiwa unaisha, maana ukikata mwezi mchanga wadudu wanautoboa mpaka unakuwa unga. Unaning'iniza juu ya mafiga kwa mama, moshi ufanye kazi yake. Ukishakauka, unaupasha kwenye makaa na kuunyoosha kwa vidole, hapa pamepinda, pale pamepinda, na ukiwa na haraka unaungua wewe na mwanzi wako. Mkato wa kukalia kamba ya upinde unaukata juu kidogo ya pingili, la sivyo kamba inaupasua mwanzi siku unayouhitaji. Manyoya ni ya tai, na yote yatoke bawa la upande mmoja. Ukichanganya la kulia na la kushoto, mshale unakwenda kama mlevi anayerudi kwake. Vyote hivyo nilivijua baada ya kuvunjiwa kwenye goti la baba.

Kilichobaki ni alama, na hapo ndipo maisha yangu yalipoharibikia.

Kila mwanamume alikuwa na alama yake, aliyoichoma kwa chuma cha moto chini kidogo ya manyoya. Katika windo watu wengi wanapiga kwa pamoja, na mnyama ni wa yule ambaye mshale wake umemwaga damu ya kwanza. Basi watu wasitoane macho, mshale unachomolewa mbele ya wazee, alama inatazamwa, shauri limekwisha. Hakuna kusema mimi ndiye, hakuna kuapa kwa kaburi la mama. "Mtu ana mdomo wa uongo," wazee walikuwa wakisema, "lakini alama haina mdomo." Alama ya baba ilikuwa pete mbili na mkato wa mshazari unaozikata. Kwa kuwa alikuwa ameanza kuzeeka, alikuwa amempa kaka yangu alama hiyo mbele ya watu.

Kaka huyu alikuwa mtoto wa kwanza wa mama mkubwa. Mama yangu alikuwa mke mdogo, wa nyumba iliyojengwa karibu na zizi, pale ambapo mvua ikinyesha mavi ya ng'ombe yanaingia mlangoni. Kaka alikuwa mtu wa sauti kubwa na tumbo la mapema. Hakuwahi kunyoosha hata fito moja. Mishale yake yote ilikuwa ile ya zamani ya baba. Kulenga je? Wee! Alikuwa akilenga kuku anapata ukuta. Lakini baba alimwangalia kama mtu anavyomwangalia fahali wake, na mimi aliniangalia kama kamba ya fahali.

Siku kaka alipopewa alama mimi nilikuwa machungani. Jioni nikaambiwa tu, "Kaka yako kapewa alama ya mzee." Nami nikadhani kapewa kama sisi sote tunavyopewa jina la ukoo, la kwake na la kwetu. Hakuna aliyenieleza kwamba alama inapewa mtu mmoja na wengine wanajitafutia zao. Nani angenieleza? Mtoto wa nyumba ya zizini huambiwa mambo yakishaharibika.

Sasa kulikuwa na binti wa mhunzi. Mhunzi ndiye aliyetutengenezea vyuma vya mishale, na binti yake alikuwa anavuta mivukuto, amekaa chini, uso umejaa masizi, meno meupe. Nikienda kuchukua chuma kimoja nilikuwa nakaa mpaka jua linazama. Alikuwa na ulimi, yule binti! Siku moja aliniambia, "Wewe vyuma vyetu unavila? Mbona kila siku unakuja kuchukua vingine?" Nikamwambia baba anavunja. Akacheka mpaka mivukuto ikasimama na baba yake akamfokea. Nilimpenda. Sina maneno mengine ya kulisema hilo, nilimpenda mpaka nikawa siwezi kula kwa utulivu.

Mhunzi naye alikuwa ameshaona. Akaniambia waziwazi, bila hasira, "Kijana, mimi sina neno. Lete ng'ombe." Nikaenda kwa baba. Baba akasema ng'ombe wa zizi lake wana mpango wake, na nisubiri zamu yangu. Nikasubiri misimu miwili. Zamu gani hiyo? Kaka alikuwa na mke tayari na ng'ombe wakawa wanahesabiwa kwa ajili ya mke wake wa pili. Sikuwa na dada wa tumbo moja ambaye mahari yake ingenisaidia. Ng'ombe wa maskini hazai, na mimi hata huyo wa kutozaa sikuwa naye.

Njia iliyobaki ilikuwa simba. Kwetu aliyeua simba huwekwa ndani na mganga na kuganguliwa kwa dawa, kwa sababu roho ya simba humrudia muuaji na kumvuruga akili. Akishaganguliwa huvaa ngozi, huzunguka kijiji kwa kijiji akicheza, na kila mwenye zizi humpa chochote, mbuzi, ndama, hata mtamba kamili, kwa kuwa ng'ombe wake sasa watalala salama. Kijana mmoja wa kule mtoni alipata kundi zima kwa njia hiyo. Nikasema, nami nitampata wangu.

Nikatengeneza mshale kuliko nilivyowahi kutengeneza. Kila kitu nilichokwisha kuvunjiwa nilikiepuka. Nikampelekea baba kwa mikono miwili. Akafumba jicho. Akautazama, akaugeuza, akautazama tena. Nikasubiri kwaa. Haikuja. Akanirushia mshale mzima na kusema, "Huu utaruka."

Maneno mawili. Hamjui maneno hayo mawili yalinifanya nini. Nilikimbia nyuma ya nyumba ya mama nikalia kwa furaha, mwanamume mzima mwenye ndevu. Na palepale nikapasha chuma nikachoma alama ya baba chini ya manyoya, pete mbili na mkato wa mshazari, vizuri sana, bila kuunguza nje ya mstari. Nilitaka mshale ule uliompendeza baba uwe na jina la baba. Ningechoma hata mguu wa kuku ningekuwa mtu mwingine leo.

Simba alikuja mwishoni mwa kiangazi. Alfajiri tulisikia mwano, ule ukelele wa hatari ambao ukiupuuza kijiji kinakutenga, hupewi moto wala maji. Wanaume wote tukatoka na pinde na mikuki. Alikuwa dume, ameua ndama kwa jirani na kumburuta mpaka kwenye kichaka cha miiba. Tukakizunguka. Kaka alisimama karibu nami, kwa sababu alijua mimi nalenga, akawa anapumua kwa mdomo.

Simba alipotoka, kaka alipiga kwanza. Mshale wake wa fito ukaenda kugota kwenye shina la mgunga, juu, mahali ambapo hata twiga asingefika. Watu waliuona. Mimi nikapiga wa pili, na mwanzi wangu ukaenda ulivyotakiwa kwenda, nyuma ya bega, ukazama. Niliusikia mwenyewe. Huu utaruka, na kweli uliruka.

Lakini sumu niliyokuwa nimeipaka kwenye chuma inachukua muda, na simba alikuwa ameshaniona. Alikuja. Nikakinga uso kwa mkono wa kushoto, mkono wa kushikia upinde, naye akautia mdomoni. Sikusikia maumivu, nilisikia sauti tu, kama mtu anayetafuna mua. Watu wakamchoma mikuki juu yangu mpaka akaniachia. Alipokufa kichwa chake kilikuwa kifuani pangu na pumzi yake inanuka nyama ya ndama. Wakanivuta pembeni, wakanifunga mkono kwa nguo ya mtu, na mimi nilikuwa nacheka. Naam, nilikuwa nacheka! Nilikuwa nimempata simba, na binti wa mhunzi nimempata.

Wazee wakakaa palepale. Mshale ukachomolewa, ukafutwa damu kwa majani, ukapelekwa kwa baba kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mishale pale kijijini. Akautazama. Hakufumba jicho safari hii.

"Hii ni alama ya nani?" akauliza.

"Yako, baba," nikasema, na nilisema kwa majivuno.

"Niliitoa. Nilimpa nani?"

Jirani mmoja, yule ambaye ndama wake aliliwa, akasema, "Mzee, lakini mshale wenyewe ni mwanzi. Hapa kijijini anayetengeneza mwanzi ni kijana wako mdogo tu. Na wa mkubwa uko pale juu ya mti, tunauona."

Baba akamjibu, "Mwanzi unaota popote. Tukianza kutazama mwanzi, kesho tutatazama manyoya, keshokutwa tutapigana. Sisi tunatazama alama." Kisha akamgeukia kaka. "Mshale wako huu. Chukua."

Nikamtazama kaka. Nilidhani atasema. Mtu si jiwe, nilidhani atasema hapana, baba, simba huyu ni wa mdogo wangu, tazama mkono wake. Kaka akainama, akauchukua mshale wangu, akaupangusa kwenye paja lake. Akanikonyeza. Na wazee, ambao wote walikuwa na macho, wakainuka mmoja mmoja wakimpongeza. Mmoja wao alipita karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, "Pole, kijana. Macho yetu yamekuona, lakini ndiyo hivyo." Ndiyo hivyo! Laana ya maneno hayo mawili mpaka leo sijaitua.

Nikabebwa hadi kwa mama. Mkono ulivimba, ukanuka, ukatoa usaha. Mama alinikamulia majani usiku na mchana, na hofu yake kubwa haikuwa mkono, ilikuwa ile dawa ya simba. Nisipoganguliwa nitachanganyikiwa. Akachukua jogoo wake wa pekee akaenda kwa mganga kumbembeleza. Mganga alikuwa anamgangua kaka, na alimwambia mama, "Mama, mimi siwezi kumgangua mtu ambaye hana simba." Jogoo alimpokea.

Kaka akavaa ngozi, akazunguka. Nilikuwa nimelala chini ninasikia ngoma zikienda na kurudi, na kila zikirudi unakuja mlio wa ng'ombe wageni wanaoingizwa zizini, upande wa pili wa ukuta wetu. Waliokuja kuniona waliniambia anacheza vibaya. Walidhani wananiliwaza.

Siku moja binti wa mhunzi alikuja. Alisimama mlangoni, hakuingia, akautazama mkono wangu kisha akanitazama usoni, na hakuwa na huruma hata chembe, alikuwa na hasira.

"Alama yako mwenyewe ilikushinda nini?" akaniuliza. "Eti? Ungechora hata mavi ya mbuzi!"

Nikamwambia nilitaka kumheshimu baba.

"Basi kaoe heshima," akasema, na sauti ikamkatikia. "Kaka yako jana amepeleka ng'ombe kwetu. Baba yangu amewapokea."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kama kitakula mpaka nguo yenyewe. Kaka hakuwa amemtaka yule binti siku zote hizo. Alimtaka kwa sababu mimi nilimtaka, na kwa sababu ng'ombe walikuwepo. Aliletwa nyumbani kwa vigelegele kabla mkono wangu haujakauka. Siku iliyofuata alileta maji ya kunawa kwa wanaume, kwa zamu, kama bibi harusi anavyotakiwa, akapiga goti mbele yangu na kuniita shemeji. Nilinawa mkono mmoja.

Mkono haukukatwa, ila ulisinyaa, ukabaki umejikunja kifuani. Upinde huwezi kuushika kwa mkono huo, hata kikombe huwezi. Kaka, Mungu amrehemu akitaka, alinifuata siku moja nimekaa naota jua akaniambia, "Mdogo wangu, miguu unayo. Wengine wanashika mwanzi kwa vidole vya miguu. Nitengenezee mishale, na usisahau kuchoma alama yangu." Akacheka. Ndiyo kwanza nikajua kwamba mtu anaweza kukunyang'anya kitu na bado akukasirikie kwa kuwa ulikuwa nacho.

Nikaondoka. Nikaenda kwenye mgodi wa dhahabu, ambako watu wa kila kabila walikuwa wanashuka chini ya ardhi na kutoka wakiwa na rangi moja. Mimi na mkono wangu tukawekwa juu, kuchagua mawe. Nilikaa huko miaka mingi, nikaoa mjane wa Kisumbwa mwenye moyo mzuri, na mwanzi sikuugusa tena.

Kisha nikaitwa. Baba alikuwa anakufa na alikuwa ananitaja mimi. Nikaenda kwa miguu, nikamkuta amelala nje kwenye ngozi, kando ya ukuta wa nyumba, mchana, jua linampiga miguuni, na yale magoti yamekuwa membamba kama ya mbuni. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, akaniomba nikae.

Nilijua anachotaka kusema na nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitamsaidia kukisema. Mwishowe akasema.

"Ule mshale ulikuwa wako."

"Najua, baba."

"Ulikuwa mzuri. Mimi sijawahi kutengeneza mshale kama ule. Nilipouona nilijua umenishinda."

Maneno hayo, mbele ya Mungu, ningeyapata nikiwa kijana ningekuwa tayari kufa kesho yake. Sasa yalinipandisha hasira.

"Sasa kwa nini?" nikamuuliza. "Kwa nini, baba, kama ulijua?"

Akanitazama kwa mshangao, kama vile nauliza jambo lililo wazi kwa kila mtu.

"Kaka yako asingempata simba maisha yake yote," akasema. "Wewe ungempata mwingine."

Nikaushika mkono wangu wa kushoto kwa mkono wa kulia, nikauinua, nikauweka juu ya goti lake.

"Kwa mkono upi, baba?"

Akautazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliutazama vizuri tangu siku ile kichakani, maana alianza kuupapasa kwa vidole, polepole, kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo, hapa pamepinda, pale pamepinda, kama mtu anayejaribu kunyoosha mwanzi. Kisha akauacha, akageuzia uso ukutani na kuomba uji. Shemeji yangu, yule binti wa mhunzi, akaenda kuuleta.